Kwa Mpwa Wangu, Katibu Mpya wa Klabu

Tanga

Mpwa wangu,

Imenifikia habari kwamba klabu yenu ya Rotary huko Mwanza imekupa ukatibu, na juu yake kazi ya kuandika taarifa ya wiki. Mama yako alikuwa ameshanipigia simu kabla yako, maana yeye siri hakai nayo hata kwa kutwa moja. Hongera sana. Umeniuliza mambo mawili: taarifa iandikwe vipi, na ufanyeje ili wanachama waisome. Hilo la pili sina dawa yake. Watu watafungua faili kwenye kundi la WhatsApp, watatafuta sura zao kwenye picha, kisha waendelee na shughuli zao. Hilo la kwanza ndilo ninaloweza kulisemea.

Kwanza uelewe umekabidhiwa nini. Kila tarehe 1 Julai, rais anavua mkufu, anavikwa mwingine, nyundo na kengele vinahamia mkono mpya. Ndivyo Rotary ilivyo dunia nzima, na utaratibu huo una busara yake: hakuna anayegeuza klabu kuwa duka la baba yake. Lakini una gharama. Rais mpya huja na mradi wake, anataka mwaka wake uonekane, na mradi wa aliyemtangulia unabaki yatima. Anayeandika taarifa, kwa kuwa ni kazi ambayo hakuna anayeigombea, mara nyingi hukaa nayo miaka. Kwa hiyo kumbukumbu ya klabu itakuwa mikononi mwako zaidi kuliko mwa rais. Ukisahau wewe, klabu nzima imesahau.

Sikuambii uache yale ya kawaida. Andika nani aliadhimisha siku ya kuzaliwa, mgeni gani alizungumza na alizungumza nini (hapo wengi huandika tu kwamba alizungumza vizuri, jambo lisilomsaidia mtu), na Sajenti wa klabu amekusanya faini ngapi kwa waliochelewa. Andika hata utani. Watu hawarudi wiki baada ya wiki kwa ajili ya miradi peke yake, wanarudi kwa ajili ya wenzao. Paul Harris, mwanzilishi wa Rotary, alipowakusanya marafiki watatu Chicago tarehe 23 Februari 1905, alikuwa wakili aliyehamia jiji kubwa na kukosa ujirani aliouzoea kijijini. Walianza kwa urafiki na kupeana biashara. Huduma kwa jamii ilikuja baadaye kidogo, na unajua walianza na nini? Vyoo. Mwaka 1907 klabu ile ilianza kupigania choo cha umma karibu na makao ya jiji la Chicago. Mimi bwana afya mstaafu nililipenda jambo hilo kuliko mambo yote niliyowahi kuyasoma juu ya Rotary. Choo hakipendezi kwenye picha, na ukikijenga leo bila mtu wa kukisafisha, baada ya miezi michache utatamani usingekijenga.

Hapo ndipo penye neno langu. Habari ya klabu haiishi siku ya kukabidhi. Siku hiyo ndiyo inaanza.

Nikupe mfano wa klabu moja ambayo sitaitaja jina. Walichimba kisima kirefu kwenye shule ya kijiji fulani, wakafunga pampu ya mkono. Siku ya uzinduzi palikuwa na turubai, viti vya plastiki, ngoma, mgeni rasmi, utepe wa kukata, na mwalimu mkuu aliyesoma risala ndefu kuliko kisima chenyewe. Taarifa ya wiki ile ilikuwa na kurasa nyingi za picha. Nilipita pale baadaye kwa shughuli zangu nikakuta mpini umefungwa kwa waya na akina mama wanateka kwenye dimbwi la zamani. Kilichoharibika kilikuwa mpira mdogo wa ndani ya pampu, unaolika kwa matumizi na unapaswa kubadilishwa kila mara. Fundi alikuwapo kwenye kata, na bei ya mpira haikuwa ya kutisha. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa kazi ya kukusanya senti za ndoo na kuzitunza. Hakuna aliyemteua, kwa sababu kila mtu alidhani kisima ni cha klabu, na klabu ilidhani ni cha shule. Lakini kwenye taarifa ya klabu ile, mwaka hadi mwaka, kisima kiliendelea kuorodheshwa kwamba kimenufaisha watu elfu tatu.

Elfu tatu! Ngoja nikueleze namba hizi zinavyozaliwa, maana utaletewa nyingi. Mtu anamuuliza mtendaji wa kijiji idadi ya wakazi, anaipata, anaiandika yote chini ya pampu moja. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka kipimo: kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, kisiwe mbali zaidi ya meta 400, kila mtu apate lita 25 kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe. Watu elfu tatu kwenye pampu moja ni foleni ya kulala hapo, na huo si unufaika. Mtu akikuletea namba, muulize imehesabiwa vipi. Akisema amekadiria, andika kwamba imekadiriwa. Na mradi wa maji usiuandike umekamilika mpaka ujue jina la chombo cha watumia maji kitakachousimamia na kama ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, inaufahamu. Tangu RUWASA ilipoanzishwa mwaka 2019, kisima cha kijijini kilichochimbwa bila wao kujua ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: siku akiugua, hakuna anayejua ni wa nani.

Utaniambia mjomba, basi utaratibu wa mwaka mmoja ndio mbaya. Hapana. Tazama polio. Rais wa Rotary duniani naye hubadilika kila Julai, lakini tangu 1985 shirika zima limeushikilia ugonjwa mmoja bila kuuachia. Mwaka 1988, mpango wa dunia wa kuutokomeza ulipoanza, polio ilikuwa ikilemaza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Leo virusi vya mwituni vimebanwa Afghanistan na Pakistan. Matone ya chanjo yamefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na wanachama waliovaa fulana za njano wakapigwa picha wakimdondoshea mtoto mdomoni wana haki ya picha zao. Lakini mimi niliyekuwa ndani ya kazi ile nitakuambia kitu ambacho hakikupigwa picha.

Kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla ilitupasa tumtafute, awe amechanjwa au la. Tulichukua choo chake mara mbili, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee, tukakipeleka kwenye barafu mpaka maabara. Wengi majibu yalirudi si polio. Kisha baada ya siku 60 ulitakiwa urudi kwa mtoto yuleyule, kijiji kilekile, umtazame: mguu umepata nguvu au bado? Mvua inanyesha, baiskeli haina breki, majibu ulishayapata, na bado unarudi. Wazazi wengine walishangaa kuona mtu wa serikali amerudi bila kutafuta kitu. Kurudi kwa namna hiyo ndiko kulikotuwezesha kusema kwa uhakika kwamba Tanzania haijaona virusi vya mwituni tangu 1996, na ndiko kulikowezesha Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani kutangazwa kuwa imeepukana navyo tarehe 25 Agosti 2020. Februari 2022 kisa kilipojitokeza Malawi, cha virusi vyenye asili ya Pakistan, mwezi uliofuata matone yalikuwa yakitolewa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Watu walijua pa kukimbilia kwa sababu macho hayakuwahi kufumbwa.

Nataka taarifa yako iwe na macho ya namna hiyo. Kila toleo liwe na sehemu ndogo, hata nusu ukurasa, ya mradi wa zamani. Usiandike juu ya mradi mpya kabla hujaandika juu ya mmoja wa zamani. Piga simu kwa mwalimu mkuu, kwa muuguzi wa zahanati, kwa mama mwenye genge jirani na kisima, ambaye ndiye anayejua kweli. Madawati ya mwaka juzi mangapi yamevunjika miguu? Waliotolewa mtoto wa jicho kwenye kambi ya macho walirudi kuangaliwa, au waliambiwa warudi wakakosa nauli? Kompyuta za sekondari ziko darasani au zimefungiwa stoo kwa kuogopa wezi? Majibu mengine yatakuwa mazuri, nayo yaandike, maana mradi unaofanya kazi mwaka wa tano ni habari kubwa kuliko mradi uliokabidhiwa jana.

Kuna wakati jibu litakuwa baya. Usimvizie rais wako. Mpigie kabla ya kuchapisha, mwambie ulichokuta, mpe siku chache aseme klabu itafanya nini, kisha andika vyote viwili katika aya moja. Usiandike mradi ulikuwa wa rais fulani. Andika ulikuwa wetu. Atakayekasirika akupigie, na akikuambia hizi si habari za kuandika kwenye taarifa ya klabu, mkumbushe Herbert Taylor. Huyu ndiye aliyeandika lile Jaribio la Maswali Manne ambalo mnalikariri mkutanoni huku mmetazama chakula. Aliliandika mwaka 1932 Chicago, akiwa amekabidhiwa kampuni ya vyombo vya kupikia iliyokuwa karibu kufilisika, na Rotary ikaja kulichukua mwaka 1943. Swali lake la kwanza linahusu ukweli. Baada ya kulitunga aliyapitia matangazo ya kampuni yake, akayafuta maneno ya kusema chetu ni bora, chetu hakina mfano, kwa kuwa hakuweza kuyathibitisha. Mfanyabiashara mwenye madeni alifuta sifa kwenye matangazo yake. Sisi tusiouza kitu tunashindwa kuzifuta kwenye taarifa? Ukimaliza kuandika, pitia na kalamu: kabambe, kihistoria, wa kipekee, umebadilisha maisha. Futa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na klabu ni mgema.

Picha nazo. Mtoto aliyepewa viatu asipigwe picha akiwa peku kwanza ili tofauti ionekane. Uso wa mwanamke aliyetoka kutibiwa fistula haukuhusu. Omba ruhusa kabla, na umwambie mtu picha itaonekana na nani, maana ya WhatsApp haina mipaka. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, babu yako asingekubali mgeni aje nyumbani kwake na kilo ya sukari ampige picha anapoipokea. Piga picha ya fundi anayefunga pampu. Piga ya kile kimpira kilicholika. Hiyo nitaitazama.

Jambo la fedha nitalipita haraka kwa kuwa mweka hazina wenu anaijua kazi. Mkipata ruzuku kubwa ya Wakfu wa Rotary, ambayo bajeti yake haipungui dola 30,000, mtadaiwa ripoti na makao makuu ya Rotary huko Evanston, Illinois, na mtaiandika kwa umakini maana msipoiandika hampati nyingine. Nakuomba ripoti hiyohiyo uifanyie muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: fedha kiasi gani zilikuja, zimenunua nini, nani anashika ufunguo. Ajabu ni kwamba mtu wa Illinois anaweza kujua bei ya saruji iliyojenga choo cha shule ambayo mzazi wa shule hiyo haijui.

Nimekumbuka na hili, kwa kuwa wewe ni binti. Usikubali wakuambie taarifa na chai ni kazi za wanawake wa klabu. Rotary iliwafungia wanawake mlango mpaka mwaka 1989, na haikuufungua kwa hiari kubwa: klabu ya Duarte, California, ilifukuzwa kwa kuandikisha wanawake watatu, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikatoa hukumu Mei 1987. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa rais wa kwanza mwanamke wa Rotary dunia nzima. Ukatibu ni cheo. Ukae mezani pale mbele.

Nitumie toleo la kwanza kabla hujalipeleka kwenye kundi, si ili nilisahihishe Kiswahili, bali nione ule mradi wa zamani uliouchagua. Kama bado hujachagua, uliwahi kuniambia juu ya matangi ya maji ya mvua kwenye shule moja ya msingi nje ya mji. Nenda Jumamosi, ugonge tangi kwa ngumi usikie lina maji mpaka wapi, umuulize mlinzi mfereji wa bati ulisafishwa lini. Vaa viatu vya kutembea.

Mke wa kaka yako msalimie, na watoto. Shangazi yako wa huku anaulizia dagaa.

Mjomba wako