Kupika kwa Jamaa Kambini: Siku Mbili Kando ya Ziwa Mburo

Wako wengi miongoni mwetu katika utumishi wa serikali ambao huijua kambi kuliko wanavyoijua nyumba. Askari jeshi amelala katika hema miezi mingi, na polisi amekula chakula chake katika bakuli la bati kando ya barabara. Wote wawili waweza kuwasha moto hata kama kuni zimeloa. Lakini ukimwuliza mmoja wao ni lini alipiga kambi pamoja na watoto wake, aghalabu atatabasamu tu. Kwake hema ni chombo cha kazi, na likizo ni siku chache za kukaa barazani kama mgeni, huku mama watoto akihangaika jikoni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hema hilo hilo laweza kuwaleta jamaa pamoja, na kwamba jambo linaloifanya safari ya namna hiyo ifanikiwe au iharibike ni chakula. Nimechagua mahali pamoja ninapopafahamu, napo ni Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo, magharibi ya Uganda, ambako jamaa au jamaa mbili zikichangiana gari zaweza kwenda, kulala usiku mbili, na kurudi bila ya kumaliza mshahara wa mwezi.

Kutoka Kampala ni mwendo wa kiasi cha saa nne kwa barabara ya Masaka na Mbarara. Utapita Mpigi, na kiasi cha kilomita 70 kutoka mji mkuu utafika Kayabwe, ambapo mstari wa ikweta unakata barabara. Wateremshe watoto hapo, wasimame mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini; somo la jiografia walilokariri darasani wataliona kwa macho. Mbele yake ni kinamasi cha Lwera na wauza samaki wake, kisha Lukaya ambako nyama na gonja huchomwa mchana na usiku. Nakushauri ule kidogo tu hapo, usije ukafika kambini na watoto walioshiba vitu vya njiani wasiotaka chakula cha jioni.

Baada ya Masaka nchi hubadilika. Migomba hupungua, nyasi huongezeka, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huanza kuonekana. Lyantonde ndio mji wa mwisho wa kununua mahitaji kabla ya kuacha lami, nao una umuhimu mkubwa katika mapishi yetu, kama nitakavyoeleza.

Mbuga yenyewe ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ni ndogo kuliko mbuga nyingine za nyika zilizopo Uganda, na udogo huo ni faida kwa mwenye watoto, kwani huna haja ya kuendesha gari siku nzima ili kuona wanyama. Utaona punda milia, pofu, nyati, ngiri na swala pala. Husemwa kwamba jina la Kampala limetokana na swala hao, waliokuwa wakilisha katika vilima vyake zamani. Basi mtoto wa Kampala akiwaona hapa ni kama amewaona wenyeji wa kwanza wa mji wake. Twiga waliletwa mwaka 2015 kutoka Murchison Falls. Uwanja wa kupiga hema uko karibu na Rwonyo, kando ya ziwa, na viboko huguna majini usiku kucha.

Sasa tufike kwenye sufuria. Kosa la kawaida la safari za jamaa ni kutaka kupika porini kama vile watu wako nyumbani kwenye karamu: wali peke yake, nyama peke yake, mboga peke yake, chapati zikisukumwa juu ya boneti la gari. Mama hushinda ameinama, watoto hulia njaa, na giza huingia chakula hakijaiva. Kanuni ya kambi ni hii: kila mlo uwe wa sufuria moja, au mbili kwa nadra, kazi ya vumbi imalizike nyumbani, na kila mtu awe na kazi yake. Vipimo ninavyovitaja ni vya watu 8.

Jioni ya kwanza pikeni katogo. Wengi hulila asubuhi, lakini hakuna chakula kinachofaa zaidi kwa watu waliotoka safarini. Chukueni kutoka nyumbani vidole 40 vya matoke, vitunguu 4, nyanya 8, karoti 3, tangawizi, mafuta na chumvi. Nyama, kilo moja na nusu, isinunuliwe Kampala ikachemka ndani ya gari saa nne. Nunueni Lyantonde, mpike jioni hiyo hiyo, wala msiweke kiporo chake. Katakateni nyama vipande vidogo, kaangeni pamoja na vitunguu na tangawizi, tieni nyanya, kisha maji, mchemshe hadi ilainike. Wakati huo wengine wanamenya matoke. Pakeni mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande, na kila kidole kitiwe ndani ya maji kisiwe cheusi. Matoke yapangwe juu ya nyama, maji yafikie usawa wake, yafunikwe kwa jani la mgomba mlilokuja nalo, na baada ya nusu saa au zaidi kidogo chakula ni tayari.

Anzeni kupika saa 10 jioni. Katika nchi za ikweta jua huzama karibu saa moja mwaka mzima, wala jioni haikawii. Giza huanguka kama pazia. Chakula kiwe kimeliwa na sufuria zimeoshwa kabla ya hapo.

Asubuhi ya pili ni ya mayai na chapati, chakula ambacho vijana wa Uganda hukiita rolex. Chapati 16 zipikwe nyumbani siku moja kabla, zipoe kabisa, zifungwe katika kitambaa safi. Mayai 16 yasafirishwe yakiwa yamezikwa ndani ya ndoo ya unga wa posho. Hayatavunjika hata barabara ikiwa mbaya namna gani. Pigeni mayai pamoja na kabichi, vitunguu na nyanya zilizokatwa nyembamba, mkaange mawili mawili, mtandaze juu ya chapati na kuikunja. Kazi hii wapeni watoto wakubwa, nao hawatakubali kuiacha. Maziwa ya chai hupatikana kwa urahisi katika nchi hii ya wafugaji, ila lazima yachemshwe.

Mchana, baada ya kwenda kwa mashua ziwani au kutembea kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori, watu huwa wamechoka. Tayarisheni viazi vitamu kilo 4 na mchuzi wa karanga. Karanga zisagwe nyumbani, nusu kilo ya unga wake, nazo zichaguliwe punje kwa punje; yenye ukungu itupwe, kwani ukungu huo una sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Koroga unga huo kwa maji baridi kwanza, usije ukafanya madonge, kisha uuweke juu ya moto mdogo na kuukoroga hadi mafuta yaanze kujitenga. Tieni samaki wawili wa moshi mliowatoa nyumbani, waliochambuliwa miiba. Viazi vichemshwe na maganda yake, kila mtu ajimenyee mwenyewe.

Jioni ya mwisho, msicheke, ni posho na maharagwe. Najua kwamba wasomaji wengi wa gazeti hili wamekula chakula hicho shuleni, kisha depo, kisha kambini, na wameapa kutokipika kwa hiari. Lakini neno lenyewe posho asili yake ni chakula cha mgawo, na ubaya wa mgawo haukuwa katika maharagwe, bali katika upishi wa haraka wa watu mia kadhaa. Loweka kilo moja ya maharagwe asubuhi, mwaga maji hayo, uyachemshe kwa moto mkali tangu saa 9, maana maharagwe yaliyopashwa moto tu bila ya kutokota sawasawa huumiza tumbo. Yakiiva, kaanga vitunguu 3 vingi rangi, nyanya na tangawizi katika vijiko vitatu vya samli ya Ankole, uyamimine humo, uponde machache ili mchuzi uwe mzito. Posho ya lita tatu za maji na unga wa kilo moja na nusu hivi itawatosha wote.

Posho hiyo asonge baba. Nasema hivi kwa makusudi. Katika jamaa nyingi za kwetu mwanamume haingii jikoni, na mtoto wa kiume hufundishwa mapema kwamba moshi si mahali pake. Hata hivyo askari yule yule, akiwa kazini, hupika, hufua, hushona kifungo chake, wala hakuna amwonaye kuwa amepungukiwa. Jiko la kambini halina ukuta wala mlango, kwa hiyo halina wa ndani na wa nje. Mtoto ambaye baba yake amehamishwa vituo vitatu katika miaka mitano hamjui baba huyo ila kwa fedha za karo na maonyo ya simu. Akikaa naye kando ya moto akamwona akigeuza mwiko, akamwuliza alijifunza wapi, basi mazungumzo yamekwisha kuanza, na hayakuhitaji hotuba. Hali kadhalika mama, ambaye siku hizi naye huenda ni koplo au mwalimu, atakuwa amepata jioni moja ya kukaa chini na kupewa sahani.

Hadithi ya kusimulia wakati huo ipo tayari. Wenyeji husema kwamba hapo kale bonde hili lilikaliwa na ndugu wawili, Kigarama na Mburo. Kigarama aliota ndoto kwamba hatari inakuja, akamsihi nduguye wahamie vilimani. Mburo alikataa. Mafuriko yakalijaza bonde, naye akazama. Ziwa likachukua jina lake, na vilima vikachukua jina la yule aliyesikia onyo.

Nami ninayo maonyo yangu, na nayasema kwa uzito kuliko mapishi yote niliyoyataja.

Kwanza, jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema kamwe, wala ndani ya gari, hata kama mvua inanyesha, hata kama mtoto anatetemeka kwa baridi, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha. Makaa yanayoungua hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki ili aseme anaumwa. Hulala moja kwa moja. Kufungua mlango wa hema kidogo si kinga. Baridi huondolewa kwa blanketi na sweta, si kwa makaa.

Pili, moto uwashwe mahali palipotengwa tu, na ukizimwa uzimwe kwa maji hadi majivu yaweze kushikwa kwa mkono. Wengi hufukia makaa kwa mchanga wakadhani wamemaliza kazi. Mchanga huyahifadhi yakiwa moto kwa saa nyingi, na mtoto apitaye peku asubuhi ndiye atakayeyagundua.

Tatu, chakula chochote kisilale ndani ya hema. Ngiri na tumbili wamezoea watu, na harufu ya chapati huwaita. Fungieni vyakula na takataka ndani ya gari, wala msiwalishe wanyama kwa kuwaonea huruma, kwani mnyama aliyezoea kulishwa siku moja hunyang'anya.

Nne, baada ya giza mtu asiende ukingoni mwa ziwa, si kuosha sufuria wala kuchota maji. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na mara nyingi hupita uwanjani penye mahema. Aliyesimama kati ya kiboko na maji yake amesimama mahali pabaya. Kwa hiyo chukueni maji ya kutosha katika madumu, lita nne kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, na ya kunywa yachemshwe hadi yatokote.

Kwa kumalizia, chagueni miezi isiyo na mvua nyingi. Likizo ya Desemba na Januari hufaa, maana shule zimefungwa na mvua za vuli zimekwisha kupungua. Wenye hema wawaazime wasio nalo, na wenye gari wachangiwe mafuta. Orodha ya vitu iandikwe wiki moja kabla, na kila mtoto akabidhiwe kitu kimoja cha kukitunza: huyu chumvi, yule kiberiti, yule mwiko. Mtoto aliyebeba chumvi ya watu wanane kilomita 230 bila ya kuisahau amejifunza kitu ambacho hakimo katika mtihani wowote, na siku ya kurudi atauliza mwenyewe ni kitu gani atakabidhiwa safari ijayo.