Barua kutoka Kasoli

Dada yangu,

Nimefika Kasoli salama. Uliniusia nisithubutu kukanyaga Gamboshi, kijiji cha humu humu wilayani Bariadi ambacho nchi nzima inakiita makao makuu ya wachawi. Sifa hiyo imewatesa watu wake. Mgeni anafika keshaogopa, hasalimii, maji akikaribishwa anakataa. Mwenyeji naye anabaki kujiuliza: huyu anayekwepa maji yetu kaja kutafuta nini?

Hofu ya namna hiyo inaua, dada. Oktoba 2016, kule Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wa udongo waliotoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, waliuawa pamoja na dereva wao. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo, wanakijiji wakawadhania mumiani, wanyonya damu.

Huku Usukumani walioandamwa miaka yote ni vikongwe. Jana nilikaa jikoni na bibi mwenye nyumba. Kuni hazipatikani, hivyo anapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi ulinitoa nje mara moja, machozi yakinibubujika. Yeye akaendelea kusonga ugali. Amepika humo maisha yake yote, na macho yake ni mekundu kabisa. Macho hayo hayo mekundu ndiyo mpiga ramli huyafanya ushahidi wa uchawi. Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi mwaka 2015, lakini ng'ombe akifa au mtoto akiugua bado wapo wanaokwenda kuulizia. Wapiga ramli hao nawachukia, maana wanakula kwa vifo vya watu, na mara nyingine anayewalipa ni ndugu anayelitaka shamba la bibi.

Bibi akisikia mwenzake kakatwa mapanga, anaanza kufunga mlango mapema. Msibani haendi, kisimani anakwenda peke yake. Majirani wanasema: kama hana neno, mbona anajificha? Wanazidi kumwogopa, naye anazidi kujifungia, mpaka siku linapotokea jambo.

Ukija, pitia kwanza kwa mtendaji wa kijiji ueleze kilichokuleta. Msalimie kila unayekutana naye, asubuhi "mwangaluka", jioni "mwadila", na maji upokee. Nimempata fundi wa kumjengea bibi jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje. Matofali tunayo, bomba bado. Naomba unichangie kabla ya Jumamosi.

Mdogo wako