Nduthi ya Mtu Mwingine

Ukinunua pikipiki ya mtumba hapa Kenya, jua kwamba karibu kila mara unanunua iliyowahi kuwa boda. Imebeba wanafunzi watatu kwa mpigo, magunia ya makaa, labda hata kitanda. Muuzaji atakuapia ilikuwa ya mwalimu, ya shuleni na kanisani tu. Walimu wetu wangekuwa na nduthi zote hizo, wasingekuwa wakigoma.

Nilikuwa na shilingi 75,000. Elfu 40 kati ya hizo zilikuwa karo ya semista niliyoiacha, na mama alikataa nimrudishie. Alisema ninunue kitu ambacho hakitanirudisha kwake kuomba nauli. Zilizobaki nilizikusanya kwa kuwaandikia watu makala za tovuti. Nilikuwa nimepata kazi ya kuwahoji wakulima wa miwa huku Kakamega, na boda ilikuwa inakula nusu ya malipo.

Vijana wa steji walinishauri nichukue kubwa, ati ndogo nitaichoka upesi. Sikukubali. Anayejifunza asipime nguvu za injini, apime miguu yake. Keti, nyayo zote mbili ziguse chini. Isukume kinyumenyume kwenye mteremko. Ukishindwa kuituliza ikiwa imezimwa, kwenye murram yenye matope itakulaza. Ndiyo maana nilitafuta Boxer au TVS tu. Si za kujivunia, lakini spea zake hupatikana kila kituo cha soko na hakuna fundi ambaye hajawahi kuzifungua.

Mjomba, ambaye ni fundi, alinipa mawaidha. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka mkono karibu na injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika; omba chai, ngoja ipoe. Injini baridi haijui kuficha aibu. Itakataa kuwaka, itagonga, itatoa moshi wa buluu, maana yake inachoma oili na ringi au sili za vali zimechoka. Mita usiiamini, kebo yake ikikatika hakuna anayejali. Tazama pedali ya breki: mita ikisema kilomita 18,000 na pedali imelainika kama jiwe la mtoni, amini pedali. Meno ya sproketi yakichongoka kama ya msumeno, hiyo ni sababu ya kushusha bei tu. Shingo ya fremu ni mambo mengine. Ukiona alama ya kuchomelea pale chini ya usukani, chukua helmeti yako uende.

Niliyoipenda ilikuwa Boxer ya buluu, shilingi 68,000. Iliwaka baridi kwa mara ya kwanza, shingo safi. Mwenyewe, mwanaboda wa makamo, alikuwa anaiuza ili mtoto wake aripoti bweni Jumatatu. Kisha tukatafuta rekodi yake kwenye eCitizen. Jina lake lilikuwepo, na kando yake jina la kampuni iliyomkopesha. Deni lilikuwa limebaki 31,000.

"Kijana yangu, hiyo ni kitu kidogo. Nipe pesa, nitamalizana nao."

Nilimwamini, kusema kweli. Lakini kumwamini mtu hakuondoi jina la kampuni kwenye logibuku, na akikwama kulipa, nduthi itafuatwa kwangu. Nikamwambia nitalipa ile 31,000 moja kwa moja kwa kampuni, naye apate zilizobaki siku uhamisho utakapokamilika. Alinyamaza. Jumatatu ilikuwa siku tatu mbele. Akaomba angalau elfu 10 sasa. Mjomba alinikonyeza nikatae. Nilimpa, tukaandikiana, mjomba akatia sahihi kwa shingo upande.

Kampuni ilichukua siku tisa kuondoa jina lake. Zote hizo sikulala vizuri. Hatimaye akaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nikaukubali kwenye yangu, nikamtumia 27,000 tukiwa tumesimama pamoja.

Hakuondoka mara moja. Alinionyesha kwamba gia ya pili husita asubuhi, nisiilazimishe, niipe oili muda ipate moto. Akanionyesha pale kiti kinapobana suruali. Akafungua mfuniko wa tangi, akaufunga tena, akaupangusa kwa mkono wa koti. Kisha akamwita mwenzake wa steji, akapanda nyuma kama abiria.

"Mtoto aliripoti?" nikauliza.

"Jumatano," akasema, wakaondoka.