Buterere Kwenye Ramani: Swali Litoke Mtaani

Miaka ya nyuma, mtu wa Bujumbura akiitaja Buterere alikuwa akitaja mambo matatu: uwanja wa ndege ulio jirani, jaa la taka za mji mzima, na mabwawa ya kusafishia maji machafu. Ramani za mji tulizozizoea nazo zilikuwa hivyo hivyo. Zilionyesha vile vilivyohudumia wakazi wa mitaa mingine, kama Rohero na Kinindo, lakini vichochoro ambamo watu wa Buterere wenyewe huishi, visima vyao, mitaro yao na shule zao vilikuwa eneo jeupe. Picha hiyo imebadilika. Leo mwenye simu anaweza kufungua OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, akaona njia na nyumba za sehemu nyingi za mji wetu zikiwa zimechorwa na wajitolea. Nami nayapokea mabadiliko hayo kwa furaha. Ninachouliza ni kama ramani hiyo inazisaidia jumuiya za mtaa, au inawasaidia zaidi waliokuja kuichora.

Sababu ya kuuliza ni maji. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa iliyapiga maeneo ya kaskazini ya Bujumbura, na watu zaidi ya 60 wakafa. Buterere iko chini, kwenye tambarare ya Imbo, na maji ya milimani hupita hapo yakielekea Ziwa Tanganyika. Kikundi cha akina mama au cha wajitolea wa Msalaba Mwekundu kinachotaka kuokoa watu hapo hakikosi ujuzi wa mtaa wake. Kinachokosa ni kuuona mkondo wote: mtaro unaoanzia Kamenge au Kinama unabanwa wapi, umezibwa na nini, na unamwaga maji kwenye nyumba za nani. Ramani inayoishia kwenye mpaka wa Buterere haijibu swali hilo hata ikiwa na kila nyumba.

Wanafunzi wa Dar es Salaam walilifikia jambo hili hatua kwa hatua. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, pamoja na wakazi, walichora kata ya Tandale: njia, vyoo, visima, maduka, mahali pa kutupa taka. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, uliowapeleka wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye kata zinazofurika, kazi hiyo ikihesabiwa kuwa sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo. Hapo ndipo kazi ilipoiva, kwa maoni yangu. Mwanafunzi alisimama kando ya mtaro na mjumbe wa mtaa, akapima upana na kina, akaandika kama umejengwa kwa saruji au ni udongo mtupu, na kama taka zimeuziba. Baadaye waliwauliza wakazi wa siku nyingi maji ya mafuriko yaliyopita yalifika wapi, jibu likaingia kwenye ramani. Kumbukumbu ya mzee wa mtaa ikawa takwimu ambayo ofisi ya mipango haiwezi kuipuuza kirahisi, na hakuna picha ya satelaiti ambayo ingeitoa.

Wapo wanaosema ramani huwaletea maskini ubomoaji. Hofu hiyo ina msingi, maana Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zilipigwa alama ya X na kuvunjwa. Lakini alama ya X huchorwa ukutani bila kuhitaji ramani huria yoyote. Serikali ina vipimo vyake siku zote, na mkazi asiye na ramani huenda kwenye mazungumzo mikono mitupu. Jibu la hofu hiyo ni wakazi kuamua nini kichorwe: mitaro na njia za kukimbilia ziwekwe wazi, majina ya wenye nyumba yasiwekwe kabisa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba wanafunzi huondoka. Mtandao wa YouthMappers, ulioanzishwa mwaka 2015 na vyuo vikuu vitatu vya Marekani kwa msaada wa USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, uliwaunganisha vijana wa vyuo vingi vya Afrika. Mwaka 2025 USAID ikafungwa. Kazi inayotegemea mfadhili wa mbali husimama naye anaposimama, na ramani isiyosahihishwa huanza kudanganya baada ya msimu mmoja wa mvua. Hata mipaka yetu haitulii. Buterere ilikuwa moja ya komini 13 za mji, kisha ikawa zoni ndani ya komini ya Ntahangwa. Kwa hiyo mtu wa kuisahihisha ramani lazima awe mkazi. Simu za kufanyia kazi hiyo zipo mitaani, na programu zake ni za bure. Kinachohitajika ni mwanafunzi atumie wiki zake za mwisho kumfundisha katibu wa kikundi, badala ya kuzimalizia kwenye kupamba ripoti ya mwalimu.

Ombi langu kwa walimu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Burundi ni hili: kabla ya kumtuma kijana Buterere kwa ajili ya kazi yake ya kumaliza masomo, mpelekeni kwanza akakae na vikundi vya huko, swali la utafiti litoke kwao. Akimaliza, nakala ya kwanza, iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa, ibandikwe kwenye ofisi ya zoni kabla ya mvua za Septemba. Ya chuo ifuate.