Mchu, Chumvi na Swali la Mwanafunzi

Katika kutembelea madarasa ya sayansi ya shule za msingi hapa Unguja, tumeona jambo moja likirudiwa. Mwalimu huandika ubaoni: "Mimea hujirekebisha ili iweze kuishi katika mazingira magumu." Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huirudisha sentensi ile ile. Ilhali nje ya dirisha, katika ufa wa ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe, mche wa jamii ya mkuyu umesimama pasipo udongo wa kujaza kiganja, wala hapana aliyeambiwa autazame.

Sisi twaona kwamba somo hili lianze kwa macho na ulimi kabla ya ubao. Si lazima kwenda mbali. Mikoko ipo Maruhubi, karibu na mji; ipo pia Ghuba ya Chwaka, ambako tangu mwaka 2004 pana Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Mwalimu aulize kwanza kwa wavuvi saa za maji kupwa na kujaa, kisha awapeleke watoto maji yakiwa yametoka.

Wakifika, asianze kueleza. Aulize: "Mti huu una taabu gani hapa?" Watoto wa pwani watazitaja upesi: chumvi, mawimbi, na tope zito. Mwalimu ataongeza kwamba tope hilo halina hewa ya kutosha mizizi. Ndipo waangalie mchu na vile vijiti vyake vilivyochomoza topeni kama kalamu zilizochomekwa. Hiyo ni mizizi ya kupitishia hewa. Wakiliramba jani lake wataonja chumvi, kwa kuwa mchu huitoa kupitia majani. Mkoko wenye mizizi ya magoti, ulio jirani yake, huzuia sehemu kubwa ya chumvi huko huko mizizini, na mbegu yake huota ingali inaning'inia mtini. Taabu ni moja, njia ni mbili.

Tulipofundisha hivi darasa moja, mwanafunzi alisema: "Mchu uliona tope halina hewa, ukaamua kuotesha mizizi juu." Walimu wengi wangelipa jibu hilo alama kamili, na hata sentensi yetu ya ubaoni yamwongoza mtoto huko. Hatukumwambia kwamba amekosa. Tulimwuliza: "Tukipanda mkarafuu hapa, nao utaamua?" Darasa zima lilicheka. Walijua kwamba utakufa.

Kicheko kile kilitufungulia mlango. Tuliwaeleza kwamba mti hauna shauri la kukata. Katika vizazi vingi mno, miche huzaliwa ikitofautiana kidogo kidogo. Ile ambayo tofauti yake iliifaa topeni iliishi ikazaa, na mingine ikatoweka. Vivyo hivyo mbuyu unapopukutisha majani wakati wa kiangazi, ukapunguza maji yanayopotea, hufuata umbile uliorithi.

Mkirudi shuleni, jaribio ni jepesi. Oteshani kunde katika makopo mawili, moja mlinyweshee maji ya mvua na la pili maji ya bahari. Watoto waandike kila siku wanachokiona. Kunde za kopo la pili zitanyauka. Hazikuzembea, bali hazikurithi uwezo huo.

Huenda mwalimu mwanafunzi akasema kwamba tofauti kati ya "kuamua" na "kurithi" ni ya maneno tu. La, sivyo. Mikoko ya Unguja imekatwa kwa boriti, kuni na makaa kwa miaka mingi. Mtoto anayeamini kwamba mti huamua, ataamini pia kwamba tukiukata au tukiifukia mizizi yake kwa taka na kifusi, utaamua tena namna nyingine ya kuishi. Mchu uliofukiwa mizizi yake ya hewa hukosa pumzi ukafa. Uwezo uliopatikana kwa vizazi visivyohesabika haupatikani upya kwa msimu mmoja wa masika.

Basi, ndugu walimu, ifuteni ile sentensi ubaoni, mwandike swali mahali pake: "Mti huu umerithi nini, na mpaka wa uwezo wake uko wapi?"