Intaneti si ya Wajuzi wa Mjini

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote. Huku Mwankoko nilimsikia mzee mmoja akisema hayo yanawahusu vijana wa mjini. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Jirani yangu, mkulima wa alizeti, hulinganisha bei za wanunuzi katika kundi la WhatsApp. Siku zile aliuza gunia kwa bei aliyotajiwa na dalali. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, awe mjini au kijijini. Usalama ni hoja nzito. Basi atakayezima tena atutajie sheria anayoitumia, sababu yake, na saa ya kuwasha.