Kuku Walipolala Sebuleni



Nataka kuwasimulia habari yenye aibu kidogo, maana najua wengi wenu mnafuga kuku, na huenda banda lenu liko kama lilivyokuwa langu. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa mazito, mnakumbuka. Huku kwetu chini ya milima ya Uluguru, Juma Kuu lote tulikwenda kanisani na viatu mkononi. Pasaka yenyewe iliangukia tarehe 31 Machi.

Mwenye kuku ni mke wangu. Mimi nilijenga banda tu, nikajisifu kwalo. Tangu Kwaresima alikuwa akiniambia, "Baba watoto, banda lina unyevu, lanuka." Nami nikamjibu kwamba mvua ikiisha litakauka. Kuku hao walikuwa tetea 14, jogoo mmoja na vifaranga 23, na wote walikwisha kupangiwa kazi yao, kwa kuwa binti yetu alikuwa akingojea kwenda kidato cha tano mwezi wa Julai. Ada haidaiwi tena katika shule za serikali, hata kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022, lakini godoro, shuka, madaftari na nauli hutoka nyumbani. Kwetu sisi hutoka bandani.

Jumatatu ya Pasaka tulikuta vifaranga 3 wamekufa. Jioni wakafa 2 tena. Waliobaki walijikunyata, mabawa yameanguka, na mavi yao yana damu. Kesho yake Bwana Mifugo alikuja, wala hakuwashika kuku kwanza. Aliingia bandani akachuchumaa mpaka kichwa chake kikawa karibu sawa na kichwa cha tetea, akaniita nichuchumae naye. Macho yaliniwasha palepale, machozi yakanitoka.

"Wewe umezoea kusimama," akasema. "Hewa hii wao wanaivuta usiku kucha." Kisha akachota konzi ya maranda, akafumbata. Alipofungua mkono yalibaki donge kama ugali. Maranda mazuri humwagika.

Alitueleza kwamba kuhara damu huletwa na vijidudu vilivyo wadogo mno. Mayai yao hutoka pamoja na mavi ya kuku mgonjwa, na yakipata joto na unyevu hukomaa kwa siku 1 au 2 tu, tayari kumwingia kifaranga mwingine anapodonoa chini. Palipo pakavu mengi hayafiki mbali. Alitupa dawa ya kutia katika maji ya kunywa, ila akasema waziwazi kwamba dawa juu ya sakafu mbichi ni kazi bure. Kuku watoke bandani siku ileile.

Waende wapi na mvua ile? Jikoni kuna moshi, nalo pafu la kuku ni dhaifu. Ghalani kuna mpunga. Basi tukawaingiza sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Tulitandika turubai kuukuu, tukamwaga pumba za mpunga kimo cha kiganja, tukazungushia jamvi. Vifaranga wagonjwa walikaa peke yao katika tenga. Dirisha liliachwa wazi mchana kutwa, watoto wakakatazwa kucheza upande ule, na sabuni ikawekwa mlangoni. Jioni tulisali Rozari, na kuku nao wakinung'unika kama wazee wa kigango siku ya michango.

Sasa naja kwenye kosa langu. Mama yangu mzazi hulala chumba kinachopakana na sebule, naye kifua chake ni kibovu miaka mingi. Mke wangu alisema mama ahamie kwa ndugu yangu kwanza. Mama akakataa: "Mwanangu, sisi tulilala na kuku maisha yetu yote." Nami kwa uvivu wa kubishana nikanyamaza. Kila alfajiri nilifagia pumba kwa nguvu, vumbi likijaa nyumba nzima. Usiku wa nne mama alikohoa mpaka hakuweza kulala chali, na kulipokucha tukampeleka zahanati kwa pikipiki, mvua ikinyesha. Alipata nafuu, Mungu ashukuriwe, akakaa kwa ndugu yangu. Kuanzia siku ile nilizoa uchafu polepole kwa sepetu, bila kufagia. Mke wangu hakunilaumu hata neno moja, nami ningependa angenilaumu.

Nilipobomoa banda niliona jambo ambalo sikulitazamia. Paa halikuvuja. Maji yalining'inia chini ya mabati, kwa ndani. Mwezi wa Juni uliotangulia niliziba matundu ya juu kwa magunia, ati kuku wasipate baridi. Kumbe kuku hutoa mvuke kwa pumzi, na karibu robo tatu ya mavi yake ni maji, na maji hayo hayakuwa na njia ya kutoka. Upande wa mlimani nao mvua ilipita chini ya ukuta, kwa sababu sakafu yangu ilikuwa chini kuliko uwanja.

Nikachimba sakafu yote ya zamani, udongo wake nikaufukia shimoni mbali na nyumba. Nikapanga mawe, juu yake changarawe, juu yake kichanga kilichoshindiliwa, hata sakafu ikapita uwanja kwa shubiri moja. Nikachimba mfereji upande wa mlimani. Matundu chini ya paa niliyafungua yote, nikayatia wavu wa chuma kwa ajili ya kanu. Kuta zikapakwa chokaa, nasi tukangoja ikauke kabisa, ingawa sebule ilikwisha kutuchosha. Kuku walirudi Dominika tarehe 14 Aprili, baada ya siku 12.

Vifaranga waliokufa walifika 8. Mwezi wa Julai mke wangu aliuza tetea 9, godoro na shuka vikapatikana; nauli tulikopa kwa ndugu yangu. Mama amerudi chumbani mwake. Tetea mmoja mwekundu, mlango ukiachwa wazi, bado huingia kutaga chini ya kiti changu, na mama ndiye wa kwanza kumfukuza kwa fimbo.